Sajini na Cheti cha Nyumba

Watu wa kwetu huniuliza kwa nini naongea juu ya marehemu bila kumtaja jina. Ngojeni kwanza. Huku juu ya Kikopey, ambako vumbi ni jeupe kama unga na kuni zetu zote ni leleshwa, kila mtu alimwita Sajini. Mkewe, Mungu amrehemu, alimwita Sajini. Kwa hivyo na mimi nitamwita hivyo hivyo, na alikozaliwa sitasema. Nilichonacho ni miaka mingi ya kumjua, na chuki ambayo imenikaa kama kijiwe ndani ya gambuti: kila nikitembea naikumbuka.

Alikuwa jirani yetu, ua kwa ua. Alistaafu jeshini mimi nikiwa darasa la pili, akaja na sanduku la bati, redio ndogo ya betri, na sauti. Ile sauti, jamani! Akikohoa asubuhi, kuku wetu walikimbilia chini ya ghala. Mama yangu alikuwa akisema afadhali simba angehamia karibu, kwa sababu simba akishiba hulala.

Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake. Vijana wote wa huko kwetu waliotaka kwenda jeshi, na nani hakutaka, walikusanyika kwenye uwanja ulio nyuma ya josho la ng'ombe. Sajini alitupanga mstari, akapita akitufungua midomo kwa mpini wa kijiko. Mambo ya meno aliyajua vizuri. Siku ya kuandikisha, alisema, watakukimbiza, watakupima kimo, wataangalia nyayo kama zimelala, halafu watakutia kidole mdomoni wahesabu. Ukiwa na pengo moja tu, unarudi nyumbani. Na sisi watu wa huku meno yetu ni ya kahawia kwa sababu ya maji ya visima, hilo halina dawa, umezaliwa hapa umekunywa maji ya hapa. Kulikuwa na kijana mmoja aliyeitwa Kiprono. Sajini alimwambia mbele yetu kwamba meno yake ni kama kokwa za parachichi. Kijana maskini akaenda akayasugua na mchanga na waya wa sufuria wiki nzima. Jumamosi iliyofuata akafungua mdomo akijivunia.

"Eeh," Sajini akasema. "Sasa uko na meno ya kahawia na fizi nyekundu. Hii ni bendera ya nchi gani?"

Tukacheka. Nilicheka mimi kuliko wote. Kiprono hakurudi tena uwanjani, na leo ukimkuta anaendesha bodaboda pale stegi ya Gilgil, bado huziba mdomo kwa mkono akicheka.

Alikuwa na misemo yake. Ya wazee wengine hakuitaka. Ukimwambia haraka haraka haina baraka, anakujibu, "Hiyo muulize swara." Kijana akilia kwa uchovu alimwambia, "Machozi ni maji, na maji tunanunua. Usimwage." Na ule alioupenda zaidi, aliousema kila Jumamosi kabla hajatuachilia: "Asiyefunzwa na mamaye nitamfunza mimi, na mimi sina ziwa." Wamama wakimsikia walisonya, lakini Jumamosi ikifika walimletea wana wao.

Jambo ambalo halikuingia akilini mwetu ni hili. Mtu huyu aliyekuwa akitukimbiza tuende jeshi hakumtaka kabisa uwanjani kijana aliyeacha shule. Hakumtaka hata kidogo! Ukija asubuhi na Sajini asikie umetoka kidato cha pili, anakufukuza kwa mawe, mawe ya kweli, si mfano. Mikutano ya wazazi ya sekondari yetu alihudhuria yote, ilhali wanawe watatu walikuwa wamemaliza zamani. Alikaa kiti cha nyuma, kofia mapajani, akisikiliza habari za hesabu na Kiingereza kama mtu anayesikiliza kesi yake. Na siku redio ilipotangaza matokeo ya mtihani wa kidato cha nne, aliongeza sauti mpaka tukasikia kwetu, halafu katikati ya matangazo akaizima. Alifanya hivyo kila mwaka, na hatukumwuliza.

Sasa, kesi yangu. Nilikuwa kidato cha tatu na nilikuwa na miaka kumi na tisa, kwa sababu nilichelewa kuanza: nilichunga mbuzi wa nyanya kule Elburgon mpaka nikafika miaka tisa. Darasani nilikuwa mzee, wenzangu wananiita Gothe. Lakini mbio nilizijua. Kutoka josho mpaka lami na kurudi, hakuna aliyewahi kuona uso wangu, wote waliona mgongo. Kwa hivyo nikajiuliza swali ambalo kila kijana wa hapa hujiuliza: nikae hapa mwaka mzima zaidi nikisoma mashairi na kemikali, ama niende sasa, nikiwa na miguu?

Shida ilikuwa moja tu, jeshi linataka cheti cha kidato cha nne. Mimi sikuwa nacho. Kaka yangu Macharia alikuwa nacho, tena kizuri, alikuwa akingoja kuitwa chuo cha ualimu, na wakati huo alikuwa amepata kibarua cha kukata maua Naivasha, analala huko huko Kamere. Tulifanana mimi naye mpaka shangazi walituchanganya.

Nilimjaribu Sajini kwa mbali. "Sajini, na kama mtu angeenda bila kumaliza? Kama njia ingepatikana?"

Sajini alienda akachukua jiwe la kusagia lililovunjika, akaniwekea begani, akaniambia nikimbie nalo mpaka kwenye lami na kurudi. Yeye akatembea nyuma kwa fimbo. Nilipofika nusu ya njia akapiga filimbi.

"Umefika wapi?"

"Nusu, Sajini."

"Jiwe liko wapi?"

"Liko hapa begani."

"Basi hiyo ndio Form Three. Nusu ya njia na jiwe bado liko juu yako. Ukilitupa hapa, mwenye litaangukia ni nani?" Aliningoja nijibu. Nilikuwa nahema tu. "Maliza. Halafu uje nikupeleke mimi mwenyewe kwa mkono."

Ningemsikiliza, labda, kama angelisema hivyo kama binadamu. Lakini aliongeza, na wenzangu wanasikia, kwamba kichwa changu kilikuwa kimekaa pale juu ili mvua isiingie shingoni.

Siwezi kueleza habari za Sajini nikamwacha yule mzee wa ng'ombe. Nyuma ya nyumba ya Sajini kulikuwa na chumba cha mabati, na ndani yake aliishi mtu aliyechunga na kukama. Alikuwa mkubwa kuliko Sajini kwa umri, mrefu, mkimya, na koti la jeshi lililokwisha viwiko. Tulidhani ni kibarua. Sajini alimwita Wewe. "Wewe, ng'ombe wamekunywa? Wewe, leta maziwa." Sikuwahi kusikia akimwita kwa jina, na yeye hakuwahi kujibu kwa neno; aliinuka tu akafanya. Siku moja nilikuwa nimekaa kwenye kibao cha josho na kitabu cha hesabu, nimekwama kwenye pembetatu, karibu nilie. Yule mzee alipita na ndama, akasimama, akatazama kitabu juu ya bega langu. Akachora pembetatu kwenye vumbi kwa fimbo, akaandika mraba huku na mraba huku, akaniambia kwa Kiingereza kilichonyooka, kile cha walimu wa zamani, kwamba nimeusahau upande mrefu. Kisha akaifuta kwa unyayo akaenda zake. Niliwasimulia wenzangu tukacheka: hata mchunga ng'ombe wa Sajini anajua hesabu, nyinyi je?

Na kuna jambo jingine nililoliona kwa macho yangu mara mbili au tatu. Mtu mgeni akija langoni akimwita Sajini kwa jina lake la kitambulisho, Sajini alikawia kugeuka. Aliyeinua kichwa haraka ni yule mzee kule kwenye zizi. Nilidhani Sajini masikio yamekufa kwa ajili ya mizinga.

Hata hivyo alikuwa na upole wake. Ndama akiumwa alilala naye zizini, akimpa maziwa kwa kidole, akimwimbia wimbo wa kwata kwa sauti ya chini. Mkewe alipokufa hakulia, lakini alifua nguo zake zote akazianika, akazipiga pasi, akazikunja mraba kama za kuruti, akazipeleka kanisani. Ningekuwa mwongo nikisema alikuwa jiwe tupu. Alikuwa na huruma, ila huruma yake ilitembea mbali sana na watu.

Mwaka ule tangazo likatoka: wataandikisha Nakuru, kwenye uwanja wa mpira. Ilikuwa muhula wa tatu. Nilimwambia mama. Mama hakufikiria hata dakika. Alivuta sanduku kutoka chini ya kitanda, akatoa cheti cha Macharia kilichofungwa ndani ya kanga ya zamani, akanipa mkononi.

"Na Macharia?" nikamwuliza.

"Macharia amefanya nini? Cheti ni cha nyumba. Kwani mlitoka matumbo mawili? Wewe uende jeshi, utamsaidia. Yeye akiitwa chuo, utakuwa umerudisha."

Kwetu ndivyo tulivyo. Jembe ni la nyumba. Koti la kwendea matanga ni la nyumba, anayelihitaji ndiye anayelivaa. Mama hakuona tofauti ya cheti na koti, na mimi, ambaye nilikuwa nimesoma miaka kumi na moja, nilijifanya sioni.

Asubuhi ile Nakuru tulikuwa vijana kama maelfu, vifua wazi, baridi inatoka ziwani. Nilikimbia nikawa wa kwanza. Afande akanishika mkono akacheka: "Huyu ni ngiri!" Nyayo sawa. Kimo sawa. Nikafungua mdomo, akatia kidole, akahesabu. "Meno ya Nakuru," akasema, "lakini yote yako kazini." Wakaniandika namba kifuani kwa kalamu ya wino mnene. Nitakufa nikiikumbuka ile namba ikikauka kwenye ngozi. Nilikuwa nimeshaingia, nakwambia. Ilibaki kuitwa majina na kukagua vyeti.

"Macharia!"

"Afande!"

Sajini alikuwa ng'ambo ya kamba, pamoja na wazazi na wachuuzi wa ndizi. Alikuja kuwasindikiza vijana wake waliomaliza. Mimi nilikuwa nimejificha asinione, nimejichanganya na wa Subukia, lakini sauti yangu aliijua. Nilimwona akinyoosha shingo. Akainua ile kamba kwa fimbo, akapita chini yake, na hakuna askari aliyemzuia, maana alitembea kama mwenye uwanja.

Sijui, labda angeweza kuninong'oneza sikioni. Labda angenishika mkono akanitoa kando, aseme ni mtoto wa jirani, amekosea, twende nyumbani. Hakufanya hivyo. Alisimama mbele yangu akasema kwa ile sauti yake ya kukimbiza kuku:

"Inua hiyo karatasi juu!"

Nikainua.

"Hiyo ni ya nani?"

Nikaanza kuishusha.

"Taja jina lako. Lako, si la ndugu yako. Sema mara tatu, wale wa kule nyuma wasikie."

Nililisema mara tatu. La tatu lilitoka na kamasi. Vijana walicheka, wale nyuma kabisa wakapiga miluzi. Sajini akatoa kitambaa mfukoni, akakitemea mate, akanisugua kifua mpaka ile namba ikatoka yote. Akamgeukia afande: "Huyu ni mwanafunzi wa Form Three. Cheti si chake." Kisha akapita chini ya kamba akaenda kununua ndizi. Naapa, alinunua ndizi akala.

Nililazwa seli siku tatu. Usiku wa pili jamaa mmoja alitaka blanketi nililopewa, akanipiga ngumi ya mdomo, na jino la chini likatoka na mzizi wake. Mkuu wetu wa shule alikuja akaomba, nikaachiliwa bila kushtakiwa. Cheti kilibaki kituoni kama ushahidi, na tulipoenda kukidai, kabati likafunguliwa, likafungwa, likafunguliwa, na cheti hakikuwa ndani. Siku hizo cheti kikipotea kilikuwa kimepotea, hakuandikiwa mtu kingine. Macharia akaitwa chuo cha ualimu mwezi wa tano. Akafika, akaambiwa alete cheti halisi. Hakuwa nacho.

Leo Macharia anachoma nyama Kikopey. Ukisimama na gari pale, yule mwanamume mrefu mwenye kitambaa cheupe anayekuita kwa kisu, ndiye. Mimi nikienda hunikatia mifupa. Miaka sita hakunisemesha, na alipoanza kunisemesha aliniuliza, "Unataka na chumvi?"

Nilirudi shuleni. Nilimaliza. Nilipata cheti changu mwenyewe, chenye jina langu, C ya katikati. Tangazo lilipotoka tena nilienda Nakuru nikakimbia nikawa wa kwanza tena, ninyi mtasema nini. Afande akatia kidole mdomoni.

"Pengo. Toka!"

Nilitoka. Nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka stegi, nikapita mbele ya lango la Sajini. Alikuwa amekaa na redio yake. Aliniuliza imekuwaje, nikafungua mdomo nikamwonyesha lile pengo kwa kidole. Alilitazama, akasema, "Lakini shule umemaliza." Kama ningekuwa na jiwe!

Watu hunishauri. Mchungaji wetu alinishauri. Wanasema Sajini aliniokoa, alikuwa baba kwangu, alizuia nisiishi maisha ya uongo. Huruma gani hiyo ya kumtemea mtu mate kifuani? Tena kama ni kuokoa, alimwokoa nani? Mimi nilipoteza jino na jeshi, Macharia akapoteza chuo, na Sajini akala ndizi. Tangu siku hiyo sikumsalimia. Tulikuwa ua kwa ua, na miaka kumi na zaidi ikapita, nikioa, nikizaa, bila kumpa hata shikamoo ya kupoteza.

Kumaliza shule kulinipa kitu kimoja. Nafasi ya naibu wa chifu ilipotangazwa kwetu, walitaka mwenye cheti na anayejua watu. Nikapata. Nina ofisi ya chumba kimoja, meza, kabati, muhuri, na benchi nje ambapo watu hungoja. Vijana huja kwangu kuchukua barua za kwenda jeshi, na mimi huwauliza kama wamemaliza, kwa sauti ambayo mke wangu anasema si yangu.

Mwaka jana, Jumatano moja asubuhi, benchi imejaa, nikamwona Sajini anaingia. Kiharusi kilikuwa kimempiga upande mmoja, mdomo umevutwa, mguu unaburutwa. Nyuma yake alikuja yule mzee wa ng'ombe, amemshika kiwiko. Sajini alikataa kiti. Alisimama wima, kadiri upande mmoja ulivyomruhusu, akasema:

"Naibu. Andika."

"Niandike nini, mzee?"

"Andika jina langu si langu."

Akanieleza, kwa ule mdomo wa nusu, na mate yakishuka. Alikuwa ameacha shule kidato cha pili. Kaka yake alikuwa amemaliza cha nne, wa kwanza katika kijiji chao, alitaka kuwa mwalimu. Jeshi lilipokuja kuandikisha, kaka alikuwa Molo akichuma pareto. Mama yao akafungua sanduku.

"Mama alisema karatasi ni ya nyumba," akasema Sajini. "Nikaenda nayo. Nikaingia. Nilidhani ni mwaka mmoja, nitarekebisha. Huwezi kurekebisha. Unavaa jina la mtu, unapanda cheo nalo, unaoa nalo, watoto wanalirithi." Akapumua. "Kaka akaenda kuchukua kipande cha kitambulisho, akaambiwa mwenye jina hilo yuko kambini. Akifuata sana, mimi nafungwa. Akaacha kufuata. Hana kitambulisho mpaka leo. Hajapiga kura. Simu aliyo nayo laini ni yangu. Hakuoa. Nilipostaafu nikamwambia aje akae kwangu."

Nilimtazama yule mzee wa ng'ombe. Alikuwa akitazama ukuta wangu, kalenda. Hapo ndipo nikaelewa ni nani aliyenichorea pembetatu, na kwa nini alikuwa akiinua kichwa mgeni akiita langoni. Na nikaelewa kwa nini Sajini alimwita ndugu yake Wewe. Angemwitaje? Jina alikuwa amelivaa yeye.

"Nimebakisha kidogo," Sajini akasema. "Nataka nimrudishie jina kabla sijafa. Wewe sasa ni serikali. Andika."

Sasa nitasema nililolifanya, na msinihurumie. Nilisikia furaha. Ilipanda kutoka tumboni kama chai ya moto. Niliinuka nikafungua dirisha, ili walio kwenye benchi wasikie.

"Kwanza taja jina lako," nikamwambia. "Lako, si la ndugu yako. Mara tatu."

Alijua. Nilimwona akijua. Jicho lake lile zima lilinitazama kifuani, pale pale ilipokuwa namba. Akakaza mgongo, akalitaja, jina la mvulana fulani ambaye hakuna mtu aliyemwita kwa miaka hamsini. Alilitaja mara tatu. Mara ya tatu sauti ikakatika, na nje kwenye benchi mtu akacheka, hajui anachekea nini.

Niliketi. Nikaweka kalamu mezani.

"Haiwezekani, mzee," nikasema. "Hati ya shamba ina jina hilo. Vitambulisho vya wanao vina jina hilo. Ukilirudisha, unawafanya wanao watoto wa mtu mwingine, na wewe unaenda jela na fimbo yako. Ungefikiria hayo ukiwa Form Two."

Hayo yote ni kweli. Lakini si kweli yote. Njia ilikuwepo. Ningeweza kuwaelekeza Nakuru, kwa wakili, waape kiapo, waanze na kitambulisho cha yule mkubwa. Mzee wa miaka sabini na kitu aliyepigwa kiharusi hakuna hakimu angemfunga. Ingekuwa safari ndefu, lakini nimewahi kuwapeleka wengine kwa mambo magumu kuliko hayo. Niliijua njia ile nikiwa nimekaa pale, na sikuisema.

Yule mzee wa ng'ombe aliondoa macho kwenye kalenda. Ni mara ya pili maishani kunisemesha.

"Naibu, hakuna njia nyingine?"

Aliniuliza polepole, kwa adabu, mtu aliyenifundisha upande mrefu wa pembetatu. Nilimtazama usoni.

"Hakuna," nikasema.

Sajini akapiga saluti. Mkono ulifika nusu ya njia tu. Wakatoka, mmoja akimshika mwingine, na mimi nikamwita aliyefuata.

Alikufa mvua za masika zilipoanza, kitandani kwake, mapema asubuhi. Kwetu mtu akifia nyumbani, ni naibu wa chifu anayeandika kibali cha mazishi. Nilikuwa nimejiambia mmoja wa wanawe atakuja. Wote watatu wako mbali, mmoja ni mwanajeshi, walikuwa bado njiani. Aliyekuja ni yule mzee, na lile koti lisilo na viwiko, limelowa mgongo wote.

Nilivuta fomu.

"Jina la marehemu?"

Akalisema. Alilisema lote, majina yote matatu, tena akaniandikisha herufi moja moja kama mwalimu anayesomea darasa imla, ili nisikosee. Ni jina ambalo mama yake alimpa yeye. Nikaandika kwamba limekufa, nikaandika na chanzo.

"Na wewe, unayeleta taarifa? Hapa wanataka jina na namba ya kitambulisho."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, nikadhani hakusikia, nikarudia.

"Andika vile alikuwa akiniita," akasema.

Niliacha mstari ule wazi. Nikagonga muhuri, nikampa. Aliisoma ile karatasi kuanzia juu mpaka chini, bila haraka, kidole kikifuata, akaikunja mara nne akaitia mfuko wa ndani isilowe.

"Haya basi, Naibu," akasema. "Wacha niende nikajizike."

Alikuwa ameshafika barabarani ndipo nikakumbuka kwamba sikumpa pole.